Manowari ya Bomba Tatu na Mizinga Yake Kumi

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya maneno ya mkopo, huwa nawaandikia wanafunzi jina moja ubaoni na kuwataka walichambue: "Manowari na bomba tatu". Ndivyo wenyeji wa pwani ya Tanganyika walivyoiita meli ya kivita ya Wajerumani, SMS Königsberg, iliyotia nanga Dar es Salaam Juni 1914. Manowari ni maneno ya Kiingereza yaliyobanwa yakawa nomino moja. Bomba ni la Kireno, na hapa lina maana ya dohani za kutolea moshi. Tatu ni Kibantu, halina mgeni ndani yake. Kwa hiyo meli ya Wajerumani ilipewa jina lisilo na neno hata moja la Kijerumani. Mwanafunzi makini hudakia hapo: mwalimu, mbona si mabomba matatu? Swali ni zuri. Waliotoa jina hilo waliliweka bomba katika ngeli ya I-ZI, jambo ambalo Kiswahili sanifu cha leo hakilipendi sana, na jina limetufikia na sarufi yake kama lilivyo.

Makala haya hayahusu meli yenyewe bali mizinga yake kumi. Meli ilikufa mapema. Mizinga ikaishi baada yake, ikapanda bara, na mmoja ukafika Ziwa Tanganyika, kule yanakoishia maji ya Rusizi. Wako pia wanafunzi wanaopenda kuniuliza habari za vifaru vya Wajerumani, hasa baada ya kuona filamu. Huwa nawajibu kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia hakuna kifaru kilichofika huku kwetu. Vifaru vya kwanza viliingia vitani Ufaransa Septemba 1916, navyo vilikuwa vya Waingereza. Kifaru cha kwanza cha Wajerumani, A7V, kilianza mapigano Machi 1918. Afrika Mashariki mahali pa kifaru pakachukuliwa na mzinga wa meli uliovishwa magurudumu, na mahali pa injini pakachukuliwa na binadamu.

Mzinga ulivyoundwa

Jina lake la kiwandani lilikuwa SK L/40. Herufi mbili za mwanzo ni ufupisho wa neno la Kijerumani lenye maana ya mzinga unaopakiwa haraka, na L/40 inaeleza urefu wa mtutu, yaani kipenyo cha tundu mara arobaini. Tundu lilikuwa milimita 105. Basi mtutu ulikuwa na urefu wa mita 4.2. Ulikuwa mzinga wa kampuni ya Krupp, ulioundwa mwishoni mwa karne ya 19 na kuingia katika jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1900.

Uharaka wake ulitokana na mambo mawili. Kwanza, kombora na baruti yake vilifungwa pamoja katika ganda moja la shaba, kama risasi ya bunduki iliyokuzwa, hivyo mpakiaji alisukuma kitu kimoja badala ya viwili. Pili, nyuma ya mtutu palifungwa kwa kabari ya chuma inayotelezeshwa kando, kazi ya mkupuo mmoja wa mkono. Kikosi chenye mazoezi kiliweza kufyatua hadi mara 15 kwa dakika. Kombora la kilo kama 16 lilitoka kwa kasi ya mita 690 kwa sekunde, na mtutu ukiinuliwa nyuzi 30 lilifika kilomita 12 hivi.

Kwa vipimo vya manowari za 1914 huu haukuwa mzinga mkubwa. Lakini ulikuwa na sharti moja ambalo baadaye lilileta taabu: uliundwa ukitegemea meli. Kitako chake kilikazwa kwa boliti kwenye sitaha. Mzinga ulipofyatuliwa na kurudi nyuma, sehemu ya teke hilo ilipunguzwa na silinda na springi, na iliyobaki ikamezwa na uzito wa meli ya zaidi ya tani 3,000. Mtutu peke yake ulikuwa na zaidi ya tani moja na nusu. Hakuna mhandisi wa Krupp aliyefikiria kwamba siku moja kitu hicho kitavutwa kwa kamba kwenye matope.

Hapa naomba niingize neno la mwalimu wa lugha. Mzinga kwa Kiswahili ni silaha, na ni nyumba ya nyuki. Wafugaji wa nyuki wa huku kwetu Nkungu watacheka tukiwaeleza kama habari mpya, kwa sababu Kinyarwanda nacho husema umuzinga kwa nyuki na imizinga kwa silaha. Gogo lililochongwa mwanya ndani, refu, mviringo, lenye tundu mbele: aliyeona kimoja hakuhitaji kamusi ili kukitaja cha pili.

Baharini na mtoni

Königsberg ilishushwa majini Kiel Desemba 1905 na kuanza kazi Aprili 1907. Mizinga yake ilipangwa miwili mbele, miwili nyuma na mitatu kila ubavu, kwa namna ambayo mitano tu iliweza kulenga upande mmoja kwa wakati mmoja. Nahodha wake mwaka 1914 alikuwa Max Looff. Vita vilipoanza meli ilikuwa tayari imekwisha kutoka bandarini, na tarehe 6 Agosti 1914 iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, katika Ghuba ya Aden. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba iliikuta manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, imesimama Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Makombora ya Pegasus yalianguka majini bila kufika. Ya Königsberg yalifika. Mabaharia zaidi ya 30 wa Kiingereza walikufa, na Pegasus ikazama.

Huo ndio ulikuwa ushindi mkubwa wa mizinga hiyo baharini, na ni wa mwisho. Meli haikuwa na makaa ya kutosha na mitambo yake iliharibika. Ikaingia kujificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na kuanzia Oktoba Waingereza wakaziba milango ya mto. Kwa miezi minane meli ya vita iligeuka kuwa kisiwa chenye mbu. Vipande vya mitambo vilivyohitaji kufuliwa upya vilikokotwa na watu kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa tena kwa mikono ile ile. Vitabu vingi hupita haraka hapo vikikimbilia mapigano. Mimi naona hapo ndipo historia ya mizinga hii barani ilipoanzia, kwa kuwa wakubwa wa Kijerumani walijifunza kwamba chuma kizito kinaweza kusafirishwa pasipo reli wala barabara, ilimradi pawe na watu wa kutosha ambao hawawezi kukataa.

Waingereza walileta manowari mbili fupi, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya serikali ya Brazili kutumika katika mto Amazon, kwa hiyo zilikuwa na tumbo bapa linaloweza kupita mahali penye maji haba. Ndege ziliruka juu kuelekeza shabaha. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindikana. La tarehe 11 Julai lilifaulu. Looff, naye akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli izamishwe na watu wake wenyewe.

Kutoka sitaha hadi magurudumu

Rufiji pale maji si ya kina. Meli ilikaa matopeni, na wapiga mbizi wakaifikia mizinga. Yote kumi ilitolewa, pamoja na makombora mengi. Mingine zaidi ya makombora hayo ililetwa na meli ya Rubens, iliyopenya kizuizi cha Waingereza Aprili 1915 na kushambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake iliokolewa kutoka majini, ikakaushwa na kutengenezwa.

Mizinga ilipelekwa Dar es Salaam, na katika karakana ya reli ikaundiwa vitako vya magurudumu. Kazi haikuwa kupachika magurudumu tu. Ilibidi kitafutwe kitu cha kumeza lile teke ambalo zamani lilimezwa na meli: mkia mrefu wa chuma unaochimbiwa ardhini, au msingi wa saruji pale mzinga ulipowekwa kukaa mahali pamoja kulinda bandari. Mafundi walikuwa Wajerumani na Waafrika wa karakana hiyo, na kwa uhandisi wa wakati wa vita, pasipo vifaa kutoka Ulaya, kazi yao haina budi kusifiwa.

Kisha ukaja mwendo. Reli ya Kati iliisaidia mizinga pale ilipopita reli. Pasipo reli palikuwa na kamba. Mamia ya watu walifungwa kwenye mzinga mmoja, wakiuvuta mlimani na kuuzuia mteremkoni, na mteremko ndio ulioua zaidi ya mlima. Ng'ombe hawakufaa sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na mbung'o.

Tupige hesabu kidogo. Kombora na ganda lake pamoja vilikuwa na uzito wa karibu kilo 25. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ulikuwa kilo 25 hadi 30. Maana yake kombora moja ni mpagazi mmoja. Mzinga uliofyatua kwa kasi yake yote, mara 15 kwa dakika, ulimaliza katika dakika moja mizigo ya watu 15 waliotembea pengine mwezi mzima. Na hao wapagazi nao walikula. Nyuma yao walihitajika wengine wa kubeba chakula chao, na chakula hicho kilitolewa katika ghala za wakulima. Ndiyo sababu mizinga ya Königsberg ilifyatuliwa kwa ubahili mkubwa.

Ilitawanywa. Mmoja ulikuwa Kahe, karibu na Kilimanjaro, ambako Wajerumani waliulipua wenyewe Machi 1916 walipokimbia mbele ya jeshi la Jenerali Smuts. Kondoa Irangi, Mei 1916, makombora ya milimita 105 yaliwaangukia askari wa Afrika Kusini waliodhani wako mbali na silaha yoyote nzito. Mwingine uliwekwa Mwanza. Waingereza nao hawakubaki nyuma: waliiokoa mizinga ya Pegasus kutoka bahari ya Zanzibar na kuiburuta bara vilevile. Hivyo meli mbili zilizopigana baharini siku moja, zote zikiwa zimezama, ziliendelea kupigana porini.

Mzinga wa Kigoma na mto wa Rusizi

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer, huko Papenburg, kilijenga meli ya mita 71 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, kikaifungua tena kipande kwa kipande na kuipakia katika masanduku kama 5,000. Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Meli ikaunganishwa hapo na kushushwa ziwani Februari 1915. Iliitwa Graf von Götzen. Jina hilo linatuhusu: Götzen ndiye Mzungu aliyeivuka Rwanda mwaka 1894 na kuonana na Mwami Rwabugiri, kisha akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906.

Mzinga mmoja wa Königsberg ulipachikwa kwenye meli hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu Rufiji ulipata tena sitaha chini yake, na ziwani hapakuwa na kitu cha kuukabili. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa njia ya nchi kavu kupitia Kongo chini ya Kamanda Spicer-Simson. Ziliikamata Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen ilipojitokeza, Spicer-Simson hakuthubutu kuisogelea. Baadaye mzinga uliondolewa na kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu, na mahali pake Wajerumani wakaweka mzinga wa mti. Nao ulitosha! Boti za Kiingereza ziliendelea kukaa mbali na Kigoma.

Upande wa Kivu hali ilikuwa nyingine. Septemba 1914 Kapteni Max Wintgens alikuwa amekiteka kisiwa cha Ijwi, na kwa mwaka mmoja na nusu Wajerumani wachache pamoja na askari wao walilinda mstari wa Kivu na Rusizi kwa bunduki, bombomu na mizinga midogo. Mkubwa wowote haukufika hapa. Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yalianza kuvuka. Kikosi cha kusini chini ya Olsen kilipita Cyangugu, ambayo ramani za wakati huo huiandika Shangugu, na kufuata bonde la Rusizi hadi Usumbura, walikoingia Juni. Kigali ilikuwa imetekwa Mei 6. Wajerumani wa Kigoma, wakiona wanazungukwa, waliizamisha Götzen tarehe 26 Julai 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi nyingi. Grisi hiyo ilifanya kazi yake: Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba, ikabeba abiria hadi karne ya 21.

Wabelgiji walipoelekea Tabora, walioijaza njia ni wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa Rwanda na Burundi. Watu wa milima yenye baridi waliteremshwa kwenye malaria na chakula wasichokizoea. Nyumbani, hasa kaskazini magharibi, majeshi yaliyopita yakila na mikono iliyoondolewa mashambani yaliacha njaa ambayo wazee waliipa jina, Rumanura. Tabora ilianguka Septemba 19, 1916. Kabla ya hapo Wajerumani waliokosa sarafu walikuwa wamegonga za kwao mjini humo, senti za heller za shaba, na sehemu ya shaba hiyo ilitoka kwenye maganda ya makombora yaliyokwisha tumika. Tunaposema leo "sina hela", tunatumia jina la sarafu hiyo.

Kufikia 1917 mizinga iliyobaki ilikuwa kusini, michache na isiyo na makombora. Mmoja baada ya mwingine ililipuliwa au kutekwa. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji hakuwa tena na mzinga wowote wa Königsberg.

Nani anayetajwa

Tukisoma vitabu vya vita hivi, majina ya manahodha tunayo, majina ya meli tunayo, hata ya boti zilizoitwa kama paka wa nyumbani. Walioivuta mizinga hawana majina. Idadi ya upande wa Wajerumani haikuandikwa kwa ukamilifu. Upande wa Waingereza, ambako daftari ziliwekwa, wapagazi zaidi ya 40,000 walioandikishwa Kenya pekee walihesabiwa kuwa wamekufa, wengi kwa kuhara na homa wala si kwa risasi.

Kilichobaki kwao kimo katika lugha. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilikwenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, mara ngapi sijui, kabla ya kujua kwamba jina hilo ni la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, likiwa limetamkwa Kiswahili. Nairobi nako kuna Kariokor. Nadhani hili ni somo linalostahili kipindi kizima darasani hapa kwetu, ambako watu wengi hukiona Kiswahili kama lugha ya kambi ya jeshi, hata baada ya Bunge kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Ni kweli kilipanda milima hii pamoja na askari. Lakini kilipanda pia vichwani mwa watu waliobeba mizigo, ambao walitoka makabila kumi na hawakuwa na lugha nyingine ya kuitana kwenye kamba moja. Katika mitihani yetu askari hutajwa, mpagazi hatajwi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inafanya vivyo hivyo kwa sura yake, mtu mmoja na bunduki, ingawa maandishi yake ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, yanawakumbuka wapagazi pia. Ile ya Nairobi ni afadhali: kati ya watu watatu waliochongwa, mmoja ni mpagazi.

Kuhusu mizinga yenyewe, mmoja uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Mwingine uko Mombasa, ndani ya Fort Jesus, na karibu yake umewekwa mzinga wa Pegasus. Wanafunzi wetu watakaopata nafasi ya kwenda pwani wachukue tepu ya kupimia, waanzie nyuma kwenye kabari hadi mdomoni. Wakikuta mita nne na ushee wajue ndio huo, kisha wajaribu kuusukuma.